Kaka Amelefti

Kiingereza changu kiliishia kidato cha nne, na hata huko hakikufika kwa miguu yake, kilibebwa. Lakini neno left nililijua kabla sijaanza shule, maana nililijua kwa nyayo. Kaka yangu alikuwa skauti, na mimi nilikuwa kikosi chake kizima. Jioni alinipanga uani mbele ya zizi la mbuzi, akapaza sauti: "Lefti! Raiti! Lefti!" Nikikosea ananirudisha mwanzo, pale penye mavi ya mbuzi. Kwa muda mrefu niliamini lefti ni jina la ule mguu wangu dhaifu, na raiti ni jina la ule unaoweza kupiga mpira.

Sekondari ndiko neno lilikoanza kunichezea. Mwalimu aliandika ubaoni leave, left, left, akasema maana yake ni kuondoka. Nikashangaa kidogo, kumbe mguu wa kushoto ndio unaoondoka kwanza, nikaona ina mantiki, nikaandika. Wiki iliyofuata akatupa jaribio: mfugaji ana ng'ombe kumi, anauza sita mnadani, je, ng'ombe wangapi ni left? Nikaandika sita.

"Sita?" mwalimu akaniuliza mbele ya darasa zima. "Waliobaki ni sita?"

"Hapana mwalimu. Waliobaki ni wanne. Walioondoka ndio sita."

"Nimeuliza waliobaki!"

"Umeuliza left, mwalimu. Na wiki iliyopita left walikuwa wameondoka."

Darasa likacheka. Mwalimu akanitazama kama mtu anayetafuta pa kushika, akakosa, akaniamuru nipige magoti. Nikapiga magoti upande wa kushoto wa ubao, nikiwaza: hawa wenye lugha yao waliishije? Ng'ombe aliyekwenda na ng'ombe aliyebaki wanaitwa neno moja? Huku kwetu Simiyu mtu akihesabu mifugo kwa lugha ya namna hiyo, ukoo mzima unavunjika kabla ya jua kuzama.

Sikupata jibu, na baadaye nikaacha kulitafuta, kwa sababu maisha yenyewe yaligawanya kazi. Kaka akasoma, akapata ajira serikalini, akaenda Dodoma. Dada akaolewa Mwanza. Mimi kitinda mimba nikabaki Bariadi na mama, na cherehani ukumbini, nashona sare za shule na kupunguza suruali za watu waliokonda. Watu hunitania kuwa mimi ni kama nguzo ya nyumba, ukiing'oa paa linashuka. Siwalaumu. Safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda Mwanza kumsalimia dada, na niliifikisha Nyashimo tu, katikati ya njia. Gari likasimama watu wanunue maji, nikashuka, nikasikia hewa ya kwetu inaniita, nikapanda gari la kurudi. Dada alikuwa ameshasonga ugali. Mpaka leo akinisalimia ananiuliza kama nimeshamaliza kunywa maji.

Basi, mwaka huu likaja lile suala la mama. Magoti yake yalianza kulalamika, macho nayo yakaanza kumkopesha badala ya kumpa. Kaka akaanza kutuma maneno kwenye grupu la familia, lile la kwenye simu, ambalo tuko watatu tu: yeye, dada na mimi. Alituma sauti ndefu ndefu. Mama aende Dodoma. Hospitali iko karibu, nyumba ina vigae, maji yanatoka ukutani. Dada alijibu kwa vidole gumba. Mimi nilikuwa nasikiliza zile sauti nikiwa nimeinamia cherehani, nimeipunguza simu mpaka inanong'ona, ili mama asisikie. Sikujibu chochote. Nilikuwa najua nikijibu nitasema ukweli, kwamba sioni nitakaaje kwenye nyumba hii bila mtu wa kuniuliza kila asubuhi kama nimekufa au nimelala.

Mwishowe, Ijumaa moja jioni, kaka akaandika kwamba mwisho wa mwezi anakuja kumchukua, anayepinga aseme. Nikaandika maneno mawili tu: "Mama aulizwe."

Akajibu papo hapo: "Aulizwe na nani, na wewe ndiye unayemfaidi?"

Nikaiweka simu chini ya kitambaa, kama mtu anayeficha nyoka.

Jumamosi asubuhi nilikuwa naunganisha mikono ya shati la shule. Mama alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, anachambua choroko kwa vidole maana macho hayamsaidii. Simu ikatetemeka juu ya meza ya cherehani. Nikatazama. Simu yangu inazungumza Kiingereza, sijui nani aliifundisha na sijui jinsi ya kuikataza. Ikaniambia kwa maandishi madogo ya kijivu kwamba kaka left.

Katika familia yetu watu wamewahi kununiana, wamewahi kukatiana simu, lakini kutoka kabisa, mtu anyanyuke aache viti viwili? Hilo halijatokea.

"Nani huyo?" mama akauliza.

Mdomo wangu ukajibu kabla yangu. "Kaka amelefti."

Mikono ya mama ikasimama juu ya ungo. "Amepata lifti?"

Lazima niseme hapa kwamba swali lile halikuwa la kijinga. Mara ya mwisho kaka kuja nyumbani aliletwa na gari la ofisi lililokuwa linakwenda Musoma. Akashushwa hapo barabarani na begi lake, mama akaimba. Tangu siku hiyo neno lifti kwa mama ni neno takatifu.

"Sio lifti, mama. Lefti."

"Ndiyo. Lifti. Ya gari lile lile?"

"Hapana, mama, sikiliza. Ameondoka."

"Si ndiyo nasema! Ameondoka saa ngapi?"

Nikaona nimeteleza. Nikajaribu mlango mwingine. "Namaanisha ametoka. Ametoka kwenye grupu."

"Anakuja na grupu?" Akaweka ungo chini. "Wako wangapi?"

Pale nilipaswa kuketi naye, nimshike mkono, nimweleze polepole. Lakini alikuwa ameshasimama, magoti yale yale yanayompeleka chooni kwa kusitasita, na sura yake ilikuwa imefunguka kama dirisha. Kilichonifunga mdomo ni ile sura. Nikasema, "Sijui, mama," na hilo angalau lilikuwa kweli kwa kila upande.

"Kamata jogoo," akasema. "Yule mwekundu. Mwembamba mwache, atatuaibisha mbele ya watu wa ofisi."

Nikamkimbiza yule jogoo mwekundu kuzunguka nyumba, na nadhani kati yetu wawili yeye ndiye aliyekuwa na utulivu. Nikampa mama. Nikaingia ndani, nikatoka. Nikampigia kaka, simu ikaita mpaka ikachoka. Nikaenda barabarani, sijui kutazama nini. Lori la pamba likapita likitoka upande wa Nkoma, likaacha vipande vyeupe vikipeperuka juu ya miiba, nami nikasimama pale kama mtu aliyepangiwa kuvihesabu. Nikarudi. Nikampigia dada.

"Umeona?" dada akasema kabla sijasalimia. "Kaka kalefti. Ana hasira. Usimwambie mama, atajua tumegombana."

"Tumegombana."

"Ndiyo, lakini asijue."

"Dada, mama anachinja jogoo."

"Wa nini?"

"Wa kaka. Amesikia amepata lifti."

Nikasikia dada anacheka, kile kicheko chake cha kuegemea ukuta. Akacheka mpaka akakohoa, kisha ghafla akaacha. "Ee Mungu. Mwambie ukweli."

"Mwambie wewe."

"Halo? Halo? Mtandao huku Mwanza..." Ikakatika. Mtandao wa Mwanza nauelewa vizuri, huwa unasumbua kila mazungumzo yakifika penye ugumu.

Nikarudi kwenye cherehani kwa sababu mikono yangu haijui kwingine kwa kwenda. Uzi ukakatika. Nikaupitisha, ukakatika tena. Mpangaji wetu wa chumba cha uani, mwalimu wa Kiingereza aliyehamishiwa huku kutoka Njombe, akatoka na ndoo ya nguo za kufua. Akanusa hewa.

"Mwangaluka, mayu!" akamwita mama kwa ile salamu ya Kisukuma aliyojifunza huku, anaitamka kama anasoma tangazo.

"Mwangaluka," mama akaitikia kutoka jikoni, sauti imejaa moshi na furaha. "Leo usipike! Kaka yao anakuja na lifti!"

Mwalimu akanigeukia. "Hongera, fundi. Mbona uso umekuwa kama wa mtu wa msiba?"

Nikamweleza kwa kunong'ona. Lefti, lifti, ameondoka, ametoka, grupu. Akaweka ndoo chini. Nilidhani atanihurumia, nikasahau kwamba ni mwalimu.

"Lakini fundi, umeona uzuri wake? Yeye ameondoka, ni left. Na mama akichukuliwa Dodoma, wewe utakayebaki hapa, na wewe ni left. Neno moja, ndugu wawili. Hata mimi darasani sijawahi kupata mfano mzuri hivyo."

"Nashukuru kwa kukusaidia."

"Usikasirike. Hebu nione hilo shati." Akalinyanyua, akaligeuza, akalipanua kifuani. "Huyu mtoto ana mikono gani?"

Nikatazama. Nilikuwa nimeshona mikono miwili ya kushoto. Ule wa kulia ulikuwa bado sakafuni, na wa kushoto wa shati lingine nilikuwa nimeupachika pasipo pake, kwapa limejikunja limetazama mgongoni. Mwalimu alilirudisha mezani kwa heshima, kama mtu anayefunika maiti, akaenda kufua, na nikamsikia kwenye beseni anacheka peke yake.

Mchana ukapanda. Mama alimaliza kupika, akaoga, akavaa kitenge chake cha harusi za watu. Akaniambia nikamletee mkeka chumbani kwake, wageni wasikae kwenye kigoda. Nikaingia. Mkeka ulikuwa umesimama kwenye kona, na mbele yake, kitandani, kulikuwa na begi lake limejaa, limefungwa zipu nusu.

Mwanzoni nikadhani ni zawadi za kaka, michembe ya viazi na karanga kama kawaida. Nikasogea. Juu kabisa kulikuwa na kopo la dawa ya kuchua magoti. Chini yake blanketi lake, na vitenge viwili vimekunjwa. Hakuna mama anayempelekea mwanawe wa ofisini dawa ya magoti ya mtu mwingine.

Nikakaa kitandani na mkeka kifuani. Nimekaa miezi yote hii nikiogopa kaka atamchukua. Kwamba angetaka kwenda mwenyewe, hilo halikuwa limeingia akilini. Na mimi niliyeandika kwa ushujaa "Mama aulizwe" ndiye niliyekuwa nalala naye nyumba moja, nakula naye sahani moja ya mlenda, na sikumuuliza.

"Mkeka umepotea njia?" akaita kutoka nje.

Nikamtandikia. Akaketi, uso umeelekea barabarani. Kila gari likipita anainua kidevu. Bajaji ya mboga, anainua. Pikipiki yenye mbuzi, anainua. Sikuweza kuketi. Nikazunguka nyumba kama nina kitu nilichopoteza upande wa pili, nikifika upande wa pili nakumbuka kwamba sina. Mara ya mwisho kuzunguka nikamkuta mwalimu amesimama na simu yake mkononi.

"Namba yangu hana," akasema. "Mpigie. Atapokea akidhani ni mkubwa wake wa kazi. Huwezi kumwacha mama wa watu anatazama bajaji."

Nikapiga. Kaka akapokea kwenye mlio wa pili, kwa sauti ya mtu aliyevaa tai shingoni.

"Habari za wakati huu, nani mwenzangu?"

"Kaka, ni mimi. Usikate."

Tai ikafunguka. "Unataka nini?"

"Mama anakungoja. Amepika. Nilimwambia umelefti, akasikia lifti."

"Akasikia nini?"

"Lifti. Amevaa kitenge. Amekaa kwenye mkeka anakungoja, kaka."

Kabla hajajibu, mkono wa mama ukatokea ubavuni mwangu ukachukua simu. Mwalimu akaisogelea akabonyeza ili wote tusikie, na sijui kama ilikuwa ni msaada au umbea, lakini nilishukuru.

"Umefika wapi, baba?" mama akauliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Shinyanga mmeshapita?"

"Mama... mimi sijatoka."

"Hujatoka? Mdogo wako amesema umetoka."

"Nimetoka kwenye grupu, mama. Lile la kwenye simu. La maneno."

Mama akanitazama. Nikatazama jogoo mwembamba, yule aliyesalimika.

"Ukatoka kwa nini?" akauliza.

"Basi tu, mama. Maneno yalikuwa mengi."

"Maneno hayo nayajua. Nayasikia hapa kila siku. Huyu akiyafungulia anapunguza sauti, anadhani na masikio yangu yanachechemea." Hakukasirika. Alisema kama anachambua choroko, hii nzuri, hii jiwe. "Mnanivuta huku na huku kama ng'ombe wa mahari. Sawa. Lakini hata ng'ombe wa mahari hufunguliwa mdomo akatazamwa meno. Mimi hakuna aliyenitazama."

Akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Nakuja," mama akasema.

"Unakuja, mama?" Sauti ya kaka ilipanda mpaka ikawa ya yule skauti. "Kweli?"

"Mzigo nimeshafunga tangu juzi. Nataka daktari ayaone haya magoti, na nataka nione hayo maji yanayotoka ukutani. Nitakaa mpaka watu waanze kulima. Mvua ikinyesha huku, nirudishe. Usiponirudisha nitatembea, na watu watakuuliza mama yako anatembea kwenda wapi."

"Mwisho wa mwezi nakuja kukuchukua."

"Usije. Leo ulikuwa unakuja, na hukuja. Mdogo wako atanileta."

"Mimi?" nikasema.

Mwalimu akashika mti wa kamba ya nguo. Kutoka simuni kikatoka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu magoti ya mama yaanze.

"Huyo? Mama, huyo atashuka Nyashimo!"

"Nyashimo siyo njia ya Dodoma!" nikapaza sauti, nimekasirika kwelikweli, na wote wakazidi kucheka. Mama naye alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitenge. Kaka aliponyamaza akaniambia, kwa sauti ya chini, "Mlete. Na wewe ukae kidogo." Hakuniomba radhi, wala sikumwomba. Kwetu sisi neno "kidogo" likisemwa taratibu hivyo huwa linatosha.

Tukamla yule jogoo sisi watatu, mimi, mama na mwalimu, na nyama ya wageni wa ofisi ikagawiwa kwa majirani. Mama alikula vizuri. Mimi nilisogeza sogeza.

"Utarudi kweli?" nikamuuliza, mwalimu alipokwenda kunawa.

"Unaogopa nisirudi, au unaogopa basi?"

"Vyote."

"Lipi linatangulia?"

Nawajua wazee wawili wa mtaa huu waliokwenda kwa watoto wao kutibiwa, na nyumba zao sasa zina wapangaji. Nadhani naye alikuwa anawawaza hao hao, kwa sababu aliacha kunitania, akachukua mfupa wa shingo, ambao hupenda kuwapa wengine, akautafuna mwenyewe mpaka ukaisha.

Jua likiwa limeanza kulala nikarudi ukumbini. Mimi sina begi. Mtu asiyekwenda popote ataliweka wapi? Nikachukua kipande cha kaki kilichosalia kwenye kaptura za shule, nikakitandika mezani, nikapima. Nilipima begi la shati moja na mswaki. Nikachora kwa chaki. Mstari ukaenda kama njia ya ng'ombe.

Mama akaja akasimama nyuma yangu. "Unashona nini?"

"Begi."

"La siku ngapi?"

"Niambie wewe, mama."

Akasogea, akapapasa kitambaa mpaka akaupata mstari wangu wa chaki. Akaupita kwa kidole. Akaendelea kupapasa, taratibu, mpaka karibu na ukingo wa meza.

"Kata hapa," akasema.

Kwa nguo yangu moja na mswaki lilikuwa begi kubwa mno. Nilitazama kile kidole, sikujua kama ananipimia safari yangu au ya kwake. Kidole hakikuondoka pale.

Nikakata.